Milimita na Mlango wa Mama Mkunga

Seremala huyu ana jina alilopewa na mama yake, ila tangu afungue karakana yake aliyebaki kulitumia ni dada yake peke yake, tena akiwa amekasirika. Mafundi walimwita Milimita. Lakabu hiyo aliipata siku alipokataa shehena nzima ya mbao kwa kuwa ilipungua unene milimita mbili. Mvua ilikuwa inanyesha. Aliwaambia wapakuaji wazipakie tena zote, naye akasimama mlangoni na rula yake kama askari wa zamu. Wakamtukana mpaka maneno yakawaishia. Hakujibu. Hiyo ndiyo iliyokuwa silaha yake: kutojibu.

Na tuseme ukweli, sababu za kuringa alikuwa nazo. Droo ya Milimita ulikuwa ukiisukuma kidogo inamalizia yenyewe, tena inatoa pumzi kama mtu anayepoza chai. Mwenyewe alikuwa mrefu, mabega mapana, shati limenyooka hata saa kumi jioni, wakati wenzake wote wamegeuka vumbi la mbao. Kina dada wa mtaani walikuwa wakimpelekea viti vizima vitengenezwe. Alivigeuza juu chini, akavitikisa, akavirudisha. "Hiki hakiumwi," alisema, basi, akaendelea na kazi yake. Walirudi nyumbani na viti vyao kichwani, na wiki iliyofuata walikuja tena.

Alifika miaka thelathini na minane hana mke. Aliishi na huyo dada yake mkubwa, mjane, mshona mapazia, ambaye maneno yake mengi yalipita katikati ya pini alizobana midomoni.

"Unangoja nini?" humwuliza.

"Anayefaa."

"Na huyo anayefaa utampima kwa rula ipi?"

Naye huchukua rula yake, akaenda karakana.

Sasa, kulikuwa na nyumba moja kwenye mteremko, nyuma ya soko, ya mkunga mstaafu. Mama Mkunga alikuwa amezalisha nusu ya mtaa, kwa hiyo watu walimheshimu kwa hofu fulani. Si rahisi kubishana na mtu aliyekuona kabla mama yako hajakuona. Mwanawe, anayefanya kazi mbali, aliagiza nyumba itengenezwe yote: plasta, madirisha, makabati ya jikoni, rangi. Wakaingia mafundi watatu. Mwashi, mtu mfupi mwenye mdomo mrefu. Milimita. Na mpaka rangi, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, ambaye kila mtu alimwita Brashi.

Brashi alivaa suruali ya kazi iliyobeba kumbukumbu ya kila nyumba aliyowahi kuipaka. Wapaka rangi wengine, wakifika pale ukuta unapokutana na dari, hubandika karatasi ya gundi ili rangi isivuke. Yeye hakubandika kitu. Alipanda ngazi, akabana pumzi, akavuta mstari kwa mkono kutoka kona hii hadi kona ile. Siku ya kwanza Milimita alipouona mstari ule, aliusogelea. Alichukua kiti, akapanda, akauwekea rula.

"Kaka, umepoteza kitu huku juu?" Brashi aliuliza.

"Naangalia mstari."

"Umeuonaje?"

Milimita akasogeza rula mara tatu. "Umenyooka."

"Ahsante. Maana nilikuwa silali kwa wasiwasi."

Mwashi alikuwa anakunywa maji. Yakampalia. Milimita akateremka na masikio ya moto, jambo ambalo halijamtokea tangu shuleni, na kuanzia siku hiyo kazi yake, kwa namna ambayo hata yeye hakuweza kuieleza, ikawa daima iko katika chumba kile kile alichomo Brashi.

Lakini mtu ambaye hajawahi kuambiwa hapana hajui kubembeleza. Mapenzi yalimtoka kwa lugha ya ukaguzi. "Ngazi yako mguu mmoja ni mfupi," alimwambia. Kesho yake asubuhi Brashi akakuta ngazi imeungwa, kiungo chenyewe hakionekani hata ukikipapasa. Akashukuru. "Ilikuwa inaniudhi," Milimita akajibu, akaondoka zake. Brashi akamtazama mgongoni kwa muda mrefu kidogo.

Ndipo likaja suala la mlango.

Mlango wa chumba cha kulala cha Mama Mkunga ulikuwa wa zamani, mbao nyekundu chini ya rangi ya samawati iliyochakaa. Milimita alikuwa anapita tu. Jicho lake likanasa. Akatoa skwea, kile chuma cha pembe ambacho seremala hupimia kona, akakiegemeza kwenye kona ya juu. Kikapwaya. Akakiegemeza chini. Kikapwaya upande mwingine.

"Njooni muone," alisema, na ilikuwa nadra kumsikia akiita watu. "Huku juu umepungua vidole viwili. Banda la kuku lina mlango mnyofu kuliko huu. Aliyeutengeneza ama alikuwa anasinzia, ama alikuwa bado anajifunza."

"Lakini mwanangu," alisema Mama Mkunga, "mbona unafungika vizuri? Nausukuma kwa kidole hiki kimoja."

"Mama, kufungika si hoja. Hauko sawa."

Juu ya ngazi, Brashi aliyekuwa hadondoshi hata chozi la rangi alidondosha tone sakafuni. Mama Mkunga akainua macho kwake. Brashi akatikisa kichwa kidogo tu, kama kusema: usiseme. Hakutaka baba yake atetewe kama mtoto aliyevunja kikombe. Maana mlango ule ulikuwa wa baba yake, Mzee Msasa, seremala aliyeitwa hivyo kwa sauti yake ya kukwaruza, na ambaye sasa alikaa bondeni akitengeneza vigoda.

"Nitakutengenezea mwingine," Milimita akamaliza. "Bure." Akaung'oa ule mlango siku hiyo hiyo. Jioni, Brashi akiwa ameshaondoka, mwashi akaomba ubao wa kuchanganyia saruji, na Milimita akampa mlango ule. Ulikuwa mpana mno kupita uchochoroni, wakaupasua katikati kwa msumeno.

Mlango mpya ulimchukua siku sita. Kila upande ulirandwa, kila kona ilikaa kwenye skwea kama yai kwenye kiota. Upana wa tundu la mlango aliupima katikati, urefu akaupima upande mmoja, akaona inatosha. Fremu ni fremu. Jumamosi asubuhi akauleta kwa mkokoteni, umefunikwa blanketi, naye amevaa shati jipya. Kwa sababu siku hiyo alipanga mambo mawili, na la mlango lilikuwa la pili.

Alimkuta Brashi uani, kwenye bomba, anaosha brashi zake.

"Nimefikiri kwa muda mrefu," alianza, kama anayesoma tangazo lililobandikwa ukutani. "Nimeamua kukuoa."

Brashi akaendelea kukamua. Maji ya kijani yakatiririka. "Umeamua."

"Ndiyo. Halikuwa jambo jepesi. Watu wana maneno juu ya mwanamke anayeshinda kwenye ngazi. Baba yako nasikia anagongagonga vigoda huko bondeni, na hivyo vigoda nimeviona sokoni, hakuna hata kimoja chenye miguu inayolingana. Lakini yote hayo nimeyapima. Nimeona ninachopata kinazidi ninachopoteza."

Msimcheke. Katika maisha yake yote hajawahi kuusifu ubao wowote hivyo. Kwake yeye, hayo yalikuwa mashairi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Brashi alifunga bomba, akajifuta mikono kwenye suruali. "Siku ile ulipanda kiti ukaupima mstari wangu, ukakiri umenyooka. Nikasema moyoni, huyu anajisikia, lakini ni mkweli. Na kwa hilo nilikupenda kidogo, sikufichi." Milimita akavuta pumzi kutaka kusema. "Ngoja. Mlango ule uliouita wa banda la kuku ni wa baba yangu. Ndio wa mwisho aliotengeneza kabla mikono haijaanza kumtetemeka. Mwenye nyumba alikwambia unafungika, ukamwambia si hoja. Jana nimeukuta nyuma ya choo, vipande viwili, una saruji mgongoni."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Na mimi pia hukuniuliza. Kaka yangu, mimi si ubao, ukate kasoro zangu uone kinachobaki. Nenda kafunge mlango wako."

Akabeba brashi zake, akaenda.

Mtu mwingine angeenda nyumbani. Milimita alienda kufunga mlango, tena kwa hasira, kwa sababu aliona sasa ndipo itakapothibitika nani alikuwa anasinzia. Akatia bawaba, akakaza skrubu, akausukuma. Ukagota juu. Akauteremsha, akaranda, akaurudisha. Ukapita juu, ukakwama chini. Akaranda chini. Maranda yakamfika vifundoni. Kufika adhuhuri, mlango ulifungika upande mmoja, na upande wa pili palikuwa na mwanya ambao paka wa nyumba, baada ya kuutazama vizuri, aliupita.

Mama Mkunga alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda muda wote huo, mikono mapajani, kama anavyoketi mtu asiye na haraka na uchungu wa mtu mwingine.

"Na huu nao," alisema taratibu, "kufungika kwake si hoja?"

Milimita hakujibu. Lakini zamani hakujibu kwa kuwa hakutaka. Leo alitafuta neno, hakuliona.

Ndipo alipofanya kile alichopaswa kukifanya tangu mwanzo: akapima tundu la mlango kwa mshazari, kona ya juu hadi kona ya chini ya upande wa pili. Vipimo viwili vikatofautiana kwa vidole viwili na nusu. Akaipapasa fremu. Pembeni kulikuwa na vipande vya ubao vilivyochongwa vyembamba juu na vinene chini, vikiuficha ule mwinamo ili jicho la mwenye nyumba lisione. Nyumba nzima ilikuwa imeelemea bondeni, polepole, miaka na miaka, na fundi wa zamani alikata mlango ulioinama pamoja nayo. Haukuwa umekosewa hata kidogo. Ulikuwa umepindwa kwa makusudi, kwa usahihi ambao yeye Milimita hakuwahi kuufikia.

Akaketi sakafuni kwenye maranda.

"Utajichafua shati," alisema Mama Mkunga.

Nyumbani, dada yake aliona tu anavyovua viatu. "Amekataa."

"Umejuaje?"

"Umevua kimoja ukakaa. Ulimwuliza vipi?"

"Sikumwuliza. Nilimwambia."

Dada mtu akatoa pini zote midomoni, moja moja, akazichoma kwenye pazia. "Ndugu yangu, mimi nikitaka chumvi nauliza. Chumvi!" Kisha akalegea, maana alimpenda. "Kosa letu wenyewe. Kitinda mimba, wa kiume peke yako. Ulitambaa kinyumenyume, tukapiga makofi tukasema huyu ana mtindo wake. Nani angekwambia unarudi nyuma?"

Akacheka. Ndugu yake hakucheka, lakini alimenya machungwa mawili, akampa moja, na hilo halikuwa kawaida yake.

Msidhani alibadilika siku ile. Mtu hajipindui kama chapati. Kitu cha kwanza alichofanya ni kujaribu tena peke yake. Akachukua karatasi ngumu, akachora umbo la tundu lile lilivyo, akakata mlango wa pili kwa umbo hilo hilo. Jumatatu akaufunga, ukaingia vizuri kabisa. Akaanza kurudiwa na majivuno yake ya zamani. Jumatano mvua za kwanza zikashuka. Alhamisi asubuhi ujumbe ukamkuta karakana: Mama Mkunga amejifungia chumbani, mlango haufunguki.

Alipofika, nusu ya mtaa ilikuwa dirishani. Mtu amempitishia Mama chai kati ya nondo. Mwashi yupo, bila shaka.

"Nimewatoa watu wangapi katika dunia hii," Mama Mkunga alikuwa anasema, kikombe mkononi, "leo mimi ndiye nimekwama, na hakuna hata mmoja wenu anayejua kunitoa!"

"Sukuma, Mama!" mwashi alipaza sauti. "Si ndivyo ulivyokuwa unawaambia wenzako?"

"Wewe nyamaza. Wewe mwenyewe ulitoka umetanguliza miguu."

Milimita aling'oa bawaba kwa nje, akamtoa. Mama Mkunga akampita, akamgusa bega, wala hakumgombeza, na hilo ndilo lililomchoma kuliko mengine yote. Alitazama ukuta. Kulikuwa na ufa mwembamba ambao Jumatatu haukuwapo. Kumbe nyumba ile haikuwa imeinama tu, ilikuwa inatembea. Mvua ikija inajisogeza, kiangazi inarudi. Na ule mlango wa rangi ya samawati ulifungika kwa kidole miaka yote, masika na kiangazi.

Alipiga moyo konde akashuka bondeni.

Mzee Msasa alifanya kazi chini ya bati, nyuma ya nyumba yake, mahali penye mteremko. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko Milimita alivyomfikiria, masharubu yamechanwa kwa uangalifu mkubwa, mikono inatetemeka kama inayongojea zamu yake kuongea. Brashi alikuwa kazini mahali pengine.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kaa hapo kwenye kigoda."

Milimita, kabla ya kukaa, akainama kutazama miguu ya kigoda. Mmoja mrefu, mmoja mfupi.

"Usikipime," alisema mzee. "Kikalie."

Akakikalia. Kikatulia kwenye ule mteremko kama kimeota pale.

"Nimekuja kutafuta ushauri wa kitaalamu kuhusu—"

"Sema umekwama."

"Nimekwama," alisema Milimita.

"Haya. Hapo tumeelewana. Mlango wa Mkunga?"

"Mzee umeambiwa."

"Binti yangu hajaniambia kitu, anadhani nitaumia. Mwashi ameniambia yote, na mengine ameongeza ya kwake."

"Basi nikwambie mwenyewe, usisikie ya kuongezwa. Nilisema mbele ya watu kwamba aliyeutengeneza alikuwa anasinzia, au anajifunza. Na niliutoa ukachanganyiwa saruji. Nimekukosea, Mzee. Nimekuja kuomba radhi kwanza; la mlango baadaye, ukitaka."

Mzee alipapasa masharubu yake. Mtu akapita njiani na ndoo tupu, akarudi nayo imejaa.

"Kusinzia, kweli nilikuwa nasinzia," alisema hatimaye. "Mama yake Brashi alikuwa amelazwa. Nilikuwa nakaa naye, halafu nakuja kuranda. Mara moja niliamka nimelalia ubao, maranda mdomoni. Na kujifunza, nilikuwa najifunza pia. Sikuwahi kukuta nyumba kaidi kama ile. Kwa hiyo huko kote ulipatia. Ulikosea tu kudhani kupinda kwake ni kosa." Akacheka kwa kukwaruza. "Akili ni nywele, baba. Za kwako umezichana vizuri mno, ndiyo taabu."

Wakakubaliana hivi. Mzee ataangalia, Milimita atakata. Lakini siku ya kuufunga, mzee ndiye atakayekaza skrubu.

"Na wewe utashika mlango."

Hapa inafaa kueleza. Mlango unafungwa na watu wawili. Mmoja anakaza skrubu. Huyo ndiye fundi. Mwingine anaubeba, anauegemeza begani, anauinua na kuushusha kwa vidole vya mguu, akingoja. Huyo si mtu. Mshika mlango ni yule aliyeanza kazi jana. Milimita hakuwa amemshikia mtu mlango kwa miaka kumi na saba.

"Nitashika," alisema.

Siku kumi alishuka bondeni kila alasiri. Mzee akamwonyesha kwamba mlango wa nyumba inayotembea haukatwi kwa nyumba ilivyo leo, bali kwa katikati ya leo na kiangazi. Akamwonyesha kutia kipande cha ngozi nyuma ya bawaba ya chini, ili mlango uwe na pa kuegemea. Akamwonyesha kuchonga tundu la komeo refu kwa kimo, ili komeo likishuka na mvua lijue nyumbani, na likipanda na jua lijue nyumbani. Milimita aliandika yote kwenye daftari.

"Unaandika nini tena?"

"Vipimo."

"Andika na hili. Usimwambie mwenye nyumba kwamba nyumba yake imeinama. Anajua. Anakaa humo."

Akaandika.

Mara mbili tatu Brashi aliwakuta. Alimsalimu Milimita kama anavyosalimiwa mteja, akaingia ndani. Milimita hakumfuata kwa macho. Au alimfuata mara moja tu, na mzee akamwambia angalie randa, atajikata kidole.

Siku ya kuufunga ilikuwa Jumamosi, asubuhi. Watu walijaa kwenye ujia, maana mwashi alikuwa ameutangaza mlango ule kuliko harusi. Milimita akaubeba, akauegemeza begani. Mzee akapiga magoti na bisibisi yake. Skrubu ya kwanza ikaanguka. Akaiokota. Ikaanguka. Bisibisi ikatafuta mfereji wa skrubu, ikapita kushoto, ikapita kulia. Milimita angeweza kuikaza kwa nusu dakika. Neno "nipe mimi" lilimfika kwenye meno, akalirudisha alikotoka.

"Inua," alisema mzee. "Kidogo. Nimesema kidogo, mbona unainua kama unampandisha mtu punda?"

"Samahani, Mzee."

"Shusha. Hapo. Usipumue."

Robo saa ikapita, skrubu mbili. Nusu saa, nne. Jasho likamtiririka Milimita machoni, wala hakuwa na mkono wa kujifutia. Hakumwona Brashi aliyeingia na kopo la rangi akasimama nyuma ya watu.

"Milimita!" mwashi akaita. "Leo umekuwa bawaba!"

Ujia mzima ukacheka. Na Milimita naye, mlango begani, akacheka. Hakuna aliyewahi kumsikia. Kilikuwa kicheko chembamba, cha kukatikakatika, kama cha bata mchanga, hakikufanana kabisa na yale mabega, na watu walipokisikia wakacheka upya, naye akazidi, mlango ukatikisika, mzee akapaza sauti, "Mtaniua na skrubu mdomoni!"

Ya sita ikaingia. Mama Mkunga akaitwa. Akanyoosha kidole kimoja, akausukuma. Ukaenda, ukafika, komeo likaingia bila kelele. Akaufungua. Akaufunga tena. Akajifungia ndani, na kutoka ndani wakamsikia akisema, "Sasa nendeni makwenu, nataka kulala."

Jirani mmoja, aliyechelewa, akauliza fundi ni nani, naye ana mlango wake.

"Fundi ni huyu mzee," alisema Milimita. "Mimi nilishika."

Watu walipotawanyika, Brashi akafungua kopo lake aupake rangi mlango. Milimita alikuwa anafagia.

"Ule wa zamani siwezi kuurudisha," alisema, ufagio mkononi.

"Najua."

"Nilikosea juu ya mlango, na juu ya baba yako. Na kwako nilikosea zaidi. Nilikujia na hesabu. Sikuombi jibu. Nilitaka ulisikie kwangu mwenyewe."

Brashi alichovya brashi, akaifuta ukingoni mwa kopo. "Nimelisikia."

Basi. Akamaliza kufagia, akaenda.

Na hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani unyenyekevu ni nauli. Umelipa, sasa upelekwe. Milimita hakupelekwa popote. Mvua zikaisha, jua likawaka, mlango wa Mama Mkunga ukaendelea kufungika, na Brashi hakusema kitu. Hata hivyo Milimita aliendelea kushuka bondeni kila Jumamosi, kwa kuwa alikuwa amempenda mzee yule na ubishi wake. Alimrandia mbao, mzee akaziunga. Walizozana juu ya gundi. Wakati mwingine Brashi alileta chai, ya watatu, akakaa nayo mpaka iishe, wakaongea habari za bei ya vanishi, na za mwashi, na za kuta. Milimita akagundua kwamba akimwuliza mtu swali, kisha akangoja, mtu huyo husema mambo ambayo rula haisomi. Alijifunza, kwa mfano, kwamba Brashi huogopa ngazi, tangu siku ya kwanza, na hupanda nayo hiyo hofu kila asubuhi.

Miezi minne baadaye Brashi alimtokea karakana, saa za mchana, suruali ina rangi mpya ya njano gotini.

"Dada yako amenitumia ujumbe nije kuona pazia," alisema. "Sina hata dirisha la kutia pazia hilo."

"Simjui kabisa huyo mwanamke," alisema Milimita.

Brashi akapitisha kidole ukingoni mwa meza ya kazi. "Miezi minne hujaniuliza kitu."

"Naogopa."

"Wewe? Unaogopa nini?"

"Jibu."

"Basi uliza na hofu yako hivyo hivyo. Wenzako tunapanda nayo ngazi."

Milimita akaweka randa chini. Akafungua mdomo, akaufunga, akaanza upya. Haikuwa hotuba. Alimwuliza kama anaona anaweza kuishi na mtu wa namna yake. Na kama hawezi, je, anaweza kuendelea kunywa chai Jumamosi.

"Yule wa kwenye bomba, hapana," alisema Brashi. "Huyu wa sasa sijamaliza kumjua. Lakini nampenda, na kumjua nitamjulia ndani ya ndoa." Halafu akaongeza, "Chai ataipika yeye."

Wakaoana mwaka ule ule. Mzee Msasa alikaa nao mpaka mwisho wake, akikosoa gundi. Milimita hakugeuka malaika. Bado hunyoosha vijiko mezani kwa watu, na ukimletea ubao uliopungua bado utaurudisha, ila siku hizi anakukaribisha ukae kwanza mvua ipite. Wanaojenga penye miteremko humtafuta kutoka mbali.

Juzi walikuwa wanapaka chumba chao wenyewe. Brashi alichanganya rangi kwa nusu siku, akapaka ukuta mzima, akateremka, akamwita mumewe. Ilikuwa njano ya aina fulani, yenye kijani ndani yake, kama embe linalofikiria kuiva.

"Unaionaje?"

Milimita aliuangalia ukuta kwa muda mrefu. "Nzuri."

"Mwongo."

"Nipe siku mbili," alisema. "Nitaizoea."

Brashi akambandika alama ya rangi puani, akapanda ngazi kumalizia kona, naye mumewe akaishika kwa chini.